Wakishaitika Marahaba

Nakumbuka siku moja nilikaa jikoni nikiwahutubia kuku. Usicheke, mwanangu. (Nakuita mwanangu ingawa hapa Nduguti bado wananiita binti. Sitasubiri mvi ndipo nikwambie ninalolijua.)

Kesho yake kulikuwa na kikao cha ukoo. Baba yangu alikuwa amefariki, na kaka yake, Baba Mkubwa, ameshatangaza kwamba shamba la alizeti alilolima mama tangu aolewe atapewa mwanawe wa kiume, kwa kuwa mimi, mtoto wa pekee, ni msichana. Mama alinyamaza. Mimi niliapa kusema.

Tatizo langu ni kutaka kila kitu kinyooke. Shule niliishia darasa la saba; kuongea mbele za watu nilijifundisha mwenyewe, nikisikiliza redio na kurudia kwa sauti. Kila sentensi niliigeuza, nikaitupa, nikaanza upya. Bibi, mama yake baba, alikuwa mlangoni akipepeta mtama.

“We mjukuu, maneno unayapika mpaka yanaungua. Hao kuku wameshakubali. Nenda kwa watu.”

“Nikikosea, Bibi?”

“Utakosea. Kwani wao wanaongea vizuri? Baba yako Mkubwa hata msibani husahau jina la marehemu.”

“Wakikataa kunisikiliza?”

“Waamkie mmoja mmoja. Tuone nani atakataa shikamoo.”

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nikaenda. Wazee wa kiume walikaa kwenye viti, akina mama kwenye mikeka. Niliposimama, Baba Mkubwa alitazama kando kana kwamba umepita upepo. “Tuendelee,” akasema.

Yote niliyokariri yakanitoka. Nikabaki na salamu tu.

“Shikamoo, Baba Mkubwa.”

Akajifanya anafunga kifungo cha shati. Lakini kwetu mtu mzima asipoitikia shikamoo ya mtoto aliye mbele yake, aibu ni ya mtu mzima. “Marahaba,” akasema, kama anayetema kokwa. Nikaenda kwa wa pili, kwa wa tatu, mpaka nikawamaliza. Kila aliyeitika alinitazama usoni, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujifanya simo.

“Wazee wangu, sijui kuongea vizuri. Naomba mnijibu tu. Baba alipougua, lile shamba alililima nani?”

Mzee mmoja akakohoa. “Mama yako.”

“Na alizeti iliyompeleka hospitali ilivunwa na nani?”

“Mama yako.”

“Basi leo tumwambie nini?”

Sauti ilitetemeka. Nilitamani kukijaza kile kimya kwa maneno, nikauma ulimi.

“Binti, huna adabu!” Baba Mkubwa akafoka.

Bibi akajibu kutoka mkekani, “Adabu ipi tena? Si amekuamkia, na wewe umeitika?”

Wakacheka, hata waliokuwa upande wake. Yule mzee akasema shamba libaki kwa aliyelilima, na wenzake wakaafiki. Baba Mkubwa aliondoka bila kunywa chai. Hadi leo ananiitikia kwa shingo upande, nami kila tukikutana namwamkia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Basi sikia, mwanangu. Mficha uchi hazai: usifiche haja yako ukingoja sentensi isiyo na doa. Mwamkie mtu kwanza, kwa moyo, hata akiwa mpinzani wako. Uliza jambo ambalo jibu lake analijua, kisha nyamaza alitoe mwenyewe. Na akikwambia heshima ni kukaa kimya, mkatalie kwa heshima. Mimi bado naogopa. Bado nawahutubia kuku, ila siku hizi nawaacha mapema.

Mungu akupe sauti, hata ya kutetemeka, akujalie na watu wa kukuitikia. Mama yuko shambani sasa hivi, anapalilia alizeti yake. Nakwenda kumsaidia.