Nuru ya Kukaa Kitini

Niliiacha zamu ya maji ya mama yangu ipite nikiwa nimekaa kitini, macho nimefumba, nikijihakikishia kwamba sina ninachopungukiwa. Ndilo kosa lenyewe. Nalisema mapema kabla majirani hawajanitangulia.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Same mjini nashuka kwa shida, nikifika nalalamikia joto, narudi mlimani. Kwa hiyo nilipomsikia mwalimu mmoja kwenye simu akifundisha kwamba nuru haitafutwi, kila mtu anayo tayari, aketi tu atulie, nilifurahi mno. Kanisani kwetu tangu kipaimara nimeambiwa nitafute, nibishe hodi, niamke. Huyu aliniruhusu kukaa.

"Kama unayo tayari," mama aliniuliza, "mbona chai ikipoa unanuna?"

"Bado haijajitokeza vizuri, mama."

"Ahaa. Basi iambie ijitokeze, Alhamisi uende ndivani."

Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia mashamba. Usiku linajaa, alfajiri mwenye zamu anapanda kulizibua, kisha anayafuata maji mferejini na jembe lake mpaka shambani. Usipotokea, anazibua wa zamu inayofuata, nawe unasubiri wiki nzima. Maharage ya mama yalikuwa yanatoa maua na mvua ilishakatika. Magoti yake yalishamgomea, na kaka alishasema: shamba likishindwa kumlisha, anamhamishia kwake Same. Mama hakutaka hata kusikia. Alitaka kufia kwenye baridi yake.

Alfajiri ile niliamka, nisidanganye. Nikasema ngoja nitulie kidogo kwanza. Nilipofumbua macho, jua lilishapanda ukutani.

Zamu yetu iliporudi, maua yalikuwa yamepukutika. Kaka akaja na gari, mama akapanda amekumbatia mto wake wa kulalia. Angenitukana ningeshukuru.

Sasa kiti ninacho, ukimya ninao, nyumba nzima yangu. Hiyo nuru, kama ilikuwemo, ni mvivu kuliko mimi. Juzi nikamfuata jirani, mama mwenye shamba la chini yetu, ambaye ndiye aliyechukua maji yale. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza kwa nini siku ile hakuniita.

"Nilikuita dirishani, ukaninyooshea mkono ninyamaze," alisema. "Hiyo amani yako, mwanangu, kaa nayo."