Pua ya Kuazima

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Mama Pua, na si kwamba pua yake ilikuwa kubwa. Ilikuwa pua ya kawaida, bapa kidogo, yenye alama ya miwani. Aliitwa hivyo kwa sababu pua hiyo haikuwa ikikosea. Akipita koridoni alimwambia jirani, "Maharage yako yanashika chini," jirani akakimbilia jikoni akakuta kweli yanaanza kushika. Alijua nani kabadilisha sabuni, nani anavuta sigara kwa kujificha, na nani karudi kutoka kazini kwa njia ndefu iliyopitia baa. Wanaume wawili watatu wa jengo lile walikuwa wakimwogopa kuliko walivyowaogopa wake zao.

Yakaja mafua. Yalikuwa mafua ya kawaida, ya kichwa na kikohozi, yakakaa yakaondoka, na yalipoondoka yaliondoka na pua. Asubuhi moja alifungua kopo la kakao, akaliinamia kama alivyozoea, akavuta pumzi. Hola, hakuna kitu. Alivuta tena mpaka unga ukampanda puani akapiga chafya, na chafya nayo haikuleta habari yoyote. Akanusa siki. Akanusa sabuni ya kufulia. Akanusa hata ndoo ya takataka, mtu mzima na akili zake. Dunia ilikuwa imemfungia mlango. Ulimini aliambulia utamu na chumvi basi, na kipande cha chokoleti kilikuwa kama udongo uliotiwa sukari.

Alijiambia itarudi. Haikurudi.

Mwingine angesema pua si jicho, mtu anaishi tu. Lakini Mama Pua aliishi kwa brauni, zile keki nzito za chokoleti zinazokatwa vipande vya mraba, na brauni zake zilitegemea pua tangu mwanzo. Ujana wake wote aliumalizia kwenye pasi, katika chumba cha dobi cha hoteli moja kubwa. Mpishi wa keki wa hoteli hiyo alikuwa mtu wa maringo, alitaka aproni isimame kwa wanga kama kadibodi. Yeye alimsimamishia aproni, naye mpishi akamfungulia mlango wa jikoni.

"Keki nyingine zinakupa rangi," mpishi alimwambia. "Brauni ni nyeusi ikiwa mbichi, nyeusi ikiiva, na nyeusi ikiungua. Utaijuaje? Kwa pua."

"Na kijiti, nikichoma katikati?"

"Kijiti ni cha meno, dada."

Neno hilo alilichukua zima zima na kuligeuza msahafu. Alipoacha kazi ya pasi na kununua oveni yake ya gesi, wanawake wa mtaa walikuja kujifunza kwake, na akimwona mmoja na kijiti mkononi alimuuliza kama amemaliza kula nyama. Kazi yenyewe aliifanya bila haraka. Aliweka bakuli la siagi na chokoleti nyeusi juu ya sufuria ya maji yanayofuka, bakuli lisiguse maji, akakoroga mpaka vikawa kitu kimoja chenye kung'aa. Pembeni alipiga mayai na sukari mpaka vikapauka na kuwa vizito. Akavichanganya, akachekecha unga kidogo na kakao juu yake, chumvi kwa ncha za vidole, kisha akageuza kwa mwiko taratibu, chini kuja juu, na kuacha mara tu weupe wa unga ulipopotea. Ukizidisha kukoroga unapata mkate. Halafu trei iliyotandikwa karatasi, halafu oveni, halafu pua. Kingo ziwe zimeshika na tumbo bado linatikisika; dakika ile tu, harufu ilimwita hata akiwa msalani.

Sasa ilikuwa haimwiti. Na asingeweza kumwambia mtu, kwa sababu ya mwanawe.

Mwanawe wa pekee alikuwa zimamoto. Alikuwa kijana mpole, lakini kwenye habari ya gesi upole wote aliuweka kando. Alikuwa ameingia kwenye majiko mengi yaliyolipuka na kutoka na mambo asiyoyasimulia mezani. "Gesi yenyewe haina harufu," alipenda kueleza, kila mgeni alisikia. "Wanaitia ule uvundo makusudi ili pua ishtuke. Kengele ya kwanza ni pua." Mzee mmoja wa ghorofa ya chini alipokiri kwamba siku hizi hasikii harufu vizuri, kijana huyo huyo mpole alimbebea mtungi wake nje siku hiyo hiyo, mzee akilia kama mtoto anayenyang'anywa mpira. Mama Pua alikuwepo. Tena alimpongeza mwanawe.

Kwa hiyo alinyamaza. Akisema, oveni inaondoka, na oveni ikiondoka yeye angekuwa nani? Mama Pua asiye na pua, ameketi kwenye kochi anasubiri kuletewa chakula. Alikuwa radhi kufa kuliko hilo, na kusema kweli alikuwa anakaribia kupata vyote viwili.

Akatafuta ujanja. Chumba cha pili kutoka kwake kilikuwa cha Fundi, mshona nguo, mtu wa maneno mengi na tumbo jepesi kwa vitamu. Kwa miaka yote, brauni zilipokaribia kuiva, Fundi alisimamisha cherehani na kupaza sauti, "Mama Pua, unatuua huku!" Zamani kelele hizo zilimkera. Sasa aliacha mlango wazi, akakaa kwenye stuli na kitambaa cha kushikia trei mapajani, masikio yamesimama, akimsubiri Fundi aseme. Fundi akisema tu, trei nje. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini wahenga hawakusema chochote kuhusu pua, na Mama Pua alijipa ruhusa.

Ujanja ulifanya kazi. Siku Fundi alipotoka kwenda kununua uzi, trei iliungua mpaka moshi ukamwambia mwenyewe, nao moshi ulimwambia kwa macho. Alilaumu oveni, akaitupa trei nzima, akaendelea.

Mkamwana wake ndiye aliyemfichua, bila kukusudia. Alikuwa mwanamke mkimya, wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na kati yake na mama mkwe wake kulikuwa na heshima nyingi mno. Shikamoo Mama, marahaba mwanangu, hujambo, sijambo, kisha wote wawili wanaangalia televisheni. Siku hiyo alipiga simu kuomba trei moja. Daktari wao alikuwa anastaafu.

"Daktari wa meno anaagwa kwa chokoleti?" Mama Pua aliuliza.

"Kasema mwenyewe, Mama. Amewakataza watu maisha yake yote, sasa anataka zamu yake."

Mama Pua alicheka sana, na akaamua trei hiyo iwe ya mfano. Alipasha, akapiga, akachekecha, akageuza. Siagi aliitoa kwenye friji, kwenye kisahani, haikuwa imefunikwa. Chini yake kulikuwa na bakuli la kitunguu saumu alichokitwanga juzi, nalo wazi. Siagi ni mmbea, inachukua kila harufu inayopita karibu yake na kwenda nayo. Zamani asingefika hata kwenye mlango wa friji kabla ya kujua.

Fundi alipaza sauti kwa wakati wake, ila safari hii aliongeza neno. "Unatuua huku! Lakini leo umetia kitu gani?"

"Siri ya mpishi!" alijibu Mama Pua, amevimba kwa furaha, akatoa trei. Zilikuwa zimekaa sawasawa, juu zina ule mpasuko mwembamba wa kung'aa, kati laini. Kwa macho hapakuwa na la kusema. Alizikata, akazipanga kwenye boksi, zikaenda.

Jioni mkamwana alirudi na boksi. Halikuwa jepesi. Alisalimia, akakaa, akaliweka mezani, akalifungua na kusogeza kipande kimoja mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, naomba unuse."

Mama Pua alikiinua, akakisogeza puani, akafumba macho kama alivyokuwa akifanya enzi zake. Alijua kuigiza. "Chokoleti tupu," alisema. "Safi kabisa. Au wamekula wameshiba?"

Mkamwana alilifunika boksi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, inanuka kitunguu saumu. Chumba kizima kinanuka sasa hivi."

Mama Pua alikirudisha kipande mezani. Aibu ilimshika kuanzia miguuni. Aliwaza daktari wa watu, siku yake ya mwisho kazini, anatafuna na kutabasamu kwa adabu.

"Tangu lini?" mkamwana aliuliza.

"Tangu mafua yale."

"Na gesi unawasha kila siku?"

"Usimwambie mume wako," Mama Pua alisema. Hakuwahi kumwomba huyu binti kitu maishani. "Nakuomba, mwanangu. Nitabaki kuwa nani hapa?"

Mkamwana alikuwa ameanza kulia, na alilia kama alivyofanya mambo yake yote, bila kelele. "Mimi simwambii," alisema. "Utamwambia wewe. Lakini siondoki hapa mpaka umwambie, maana nikiondoka sitalala."

Ilikuwa mara ya kwanza kumpinga. Mama Pua alimtazama, akakasirika, akaona hasira haina pa kushika, akachukua simu.

Mwanawe alikuja na sare yake ya kazini. Hakugomba. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akafunga, akafungua mpira wake wa gesi, akaubeba mtungi nje. Aliporudi alipiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili.

"Ningekuja na gari la kazini, Mama," alisema. "Unanielewa? Ningeitwa kama ninavyoitwa kwa wengine, nisome anwani, nikute ni hapa."

Mama Pua alielewa, na kuelewa hakukumpunguzia kitu. Siku zilizofuata alikaa kwenye kochi lile lile alilokuwa akiliogopa. Waliokuja kuuliza brauni aliwaambia oveni imeharibika. Fundi alipita mara moja akasema jengo limepoa siku hizi, yeye akajibu ni mvua. Kopo la kakao alilipandisha juu ya kabati, mahali ambapo angehitaji stuli kulifikia.

Jumapili moja mkamwana alikuja peke yake, akasimama mlangoni bila kuketi. "Mama, kwetu kuna oveni ya umeme," alisema. "Haijawahi kuoka kitu, tunawekea masufuria. Vaa viatu, twende."

"Nikafanye nini? Sinusi."

"Mimi nanusa."

Mama Pua alibisha kidogo kwa ajili ya heshima, kisha akavaa viatu. Akapanda kwenye stuli akachukua kakao yake, maana kakao ya watu wengine hakuiamini.

Jikoni kwa mkamwana aliamrisha kama bosi wa dobi. Bakuli lisiguse maji. Koroga, usichape. Inatosha, inatosha, nimesema inatosha, unatengeneza mkate? Mkamwana alifuata kila neno. Siagi aliitoa kwenye karatasi yake, akainusa kwanza bila kuambiwa, akaitikia kwa kichwa kwamba ni nzima. Trei ikaingia, mlango wa oveni ukafungwa, na hapo mamlaka yote yakahama. Mama Pua akabaki amesimama katikati ya jiko la mwanamke mwingine, hana la kufanya isipokuwa kumtazama usoni.

"Itaanza mayai," alimwelekeza. "Halafu sukari. Kisha chokoleti, lakini usidanganyike na ya kwanza, hiyo ni ya kikombe cha kakao. Subiri ile nzito."

Mkamwana aliinama karibu na oveni. "Mayai," alisema. Wakangoja. "Sukari sasa." Wakangoja tena, Mama Pua akikunja na kukunjua kitambaa.

"Chokoleti," mkamwana alisema.

"Ipi? Ya kikombe au ile nyingine?"

"Sijui, Mama."

"Utajua. Inanukiaje? Sema tu inavyokujia."

Mkamwana alifumba macho, akavuta pumzi mara ya pili, ya tatu, mpaka Mama Pua akataka kumsukuma. Kisha uso wake ukabadilika.

"Ni ile ya siku niliyoletwa kwenu mara ya kwanza," alisema. "Mume wangu alikuwa anaegesha gari, mimi nikasimama mlangoni naogopa kubisha. Nilikuwa nimeshageuka niondoke. Nikasikia harufu hii inatoka chini ya mlango. Nikajiambia, watu wa nyumba yenye harufu hii hawawezi kunifukuza."

Mama Pua aliikumbuka siku ile vizuri. Alimpa mgeni kiti kizuri cha sebuleni na kipande kwenye sahani ya maua, kisha akarudi jikoni akafunga mlango, na miaka yote iliyofuata hakuufungua.

"Itoe, mwanangu," alisema, akamkabidhi kitambaa. "Imeiva."