Barabara ya Majivu Uwanjani

Mdogo wangu anafanya kazi Dar es Salaam, kwenye ofisi inayopanga usafiri wa mjini. Kwa miaka mingi mama alishindwa kuwaeleza majirani kazi yenyewe ni ipi. "Nikisema unachora barabara," alimwambia siku moja alipokuja kutusalimia, "wananiuliza, kwani barabara si ipo?"

Tulikuwa uani kwetu, Kilosa, tukichambua mchicha. Mdogo wangu akaeleza kwamba wanapanga kupitisha reli katikati ya barabara moja yenye foleni kubwa. Treni fupi za umeme zitapita humo, na taa za barabarani zitazifungulia njia kabla ya magari. Mama alizaliwa Munisagara, baba yake akiwa kibarua wa reli, kwa hiyo treni aliijua. Treni ya kupita katikati ya magari na watu ndiyo iliyomshinda.

"Basi kesho nitakuonyesha," alisema mdogo wangu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada tulibeba ndoo za majivu hadi uwanja wa mpira. Alipima kwa kamba, akamwaga majivu kwa mistari mirefu: njia za magari huku na huku, reli katikati, kituo cha abiria kando ya reli, na kivuko cha waenda kwa miguu. Upana ulikuwa uleule wa barabara ya Dar. Watu wakasogea kutazama, na vijana wa bodaboda nao wakaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mwulizeni huyu, mimi bado sijaelewa."

Mdogo wangu akawaomba vijana na majirani wasimame kwenye njia ya magari, kila mmoja ajifanye anaendesha gari lake peke yake, na aache nafasi ya gari mbele yake. Foleni ikaanzia goli moja, ikapita la pili, ikaishia majanini.

"Sasa acheni magari, njooni hapa katikati."

Walikuja wakasimama wawili wawili ndani ya mistari ya reli, karibukaribu kama abiria. Wote walienea kwenye kipande kifupi tu. Nikageuka kutazama walikotoka. Barabara nzima ilikuwa tupu, mistari ya majivu inang'aa juani.

Kisha akawarudisha baadhi yao kuwa magari, akamwita mama kwenye kivuko. Mama ana magoti mabovu. Alisimama ukingoni akingoja.

"Vuka, mama."

"Wapite kwanza hao."

"Hawapiti. Taa ni yako."

Akaanza kuvuka taratibu. Alipofika katikati akapumzika kidogo, akawatazama waliokuwa treni, akawatazama waliokuwa magari. "Wote hawa wananisubiri mimi?"

"Wanakusubiri wewe."

"Pita tu pole pole, mama," alisema kijana mmoja wa bodaboda, naye hakuwa akitania.

Mama akaweka mkono kifuani. Mimi nikamtazama mdogo wangu. Mtoto huyu nilimbeba mgongoni kwenda naye sokoni, na sasa alikuwa amebuni barabara ambayo ndani yake mwanamke mwenye magoti mabovu anasimamisha mji.

Tulipokuwa tukinawa miguu nyumbani, mama aliuliza, "Itaanza lini?"

"Bado tunajadiliana. Inaweza kuchukua miaka, na inaweza kubadilishwa."

"Ikianza, uniite."

Jumatatu nilimsindikiza mdogo wangu stesheni. Mwenye bodaboda aliyetubeba alikuwa mmoja wa vijana wa jana. Alizima pikipiki lakini hakuondoka. Alitaka kujua bodaboda wa Dar watapaki wapi reli ikishajengwa. Mdogo wangu akamwambia ukweli kwamba hilo bado linawasumbua, wakaendelea kulizungumza hadi treni ikaingia.