Mgonjwa Asiyekuwepo Katika Orodha ya Fundi

Saa mbili na robo asubuhi, kipaza sauti cha zahanati kinaita: "Bwana Mfano Mfano, chumba namba tatu." Hakuna anayesimama. Kinaita tena. Mzee mmoja kwenye benchi la mbele anagonga fimbo sakafuni.

"Huyo Mfano hana adabu! Siku ya tatu leo anaitwa, haji. Nipeni mimi nafasi yake."

Nyuma ya dirisha la mapokezi, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja anajifanya hajasikia. Ndiye aliyetengeneza mfumo huo wa kuita wagonjwa, kazi ya miezi minane. Hapa wote humwita Fundi.

Muuguzi mkuu anamjia, mikono kiunoni. "Fundi, mwisho saa sita. Akiitwa tena huyo mtu wako, narudisha vikadi vyetu vya namba vya zamani, na mashine yako utaibeba."

"Dada, nimeshamfuta. Naapa."

"Umemfuta, na daktari anamsubiri?"

Bwana Mfano ni mgonjwa wa kubuni. Hutolewa na kifurushi kidogo cha programu ambacho Fundi alikitumia kuujaribu mfumo. Kikikuta mfumo umewashwa, huanza kazi chenyewe.

"Watu hudhani naandika kila kitu mwenyewe," anasema Fundi. "Ningezeeka! Naandika orodha ya vifurushi ninavyohitaji, chombo cha kuunganisha programu kinavileta. Kila kimoja kinakuja na wenzake, na wenzake nao wana wenzao. Nilialika kumi na moja, wakaja mia moja sitini na watatu."

Kando ya kila jina huandika mpaka wake: cha kazi, au cha majaribio tu. Cha majaribio hakitakiwi kumfikia mteja.

Mumewe, fundi cherehani, alilielewa jambo hilo upesi. "Ni uzi wa bandi," alimwambia juzi mezani. "Unashikilia nguo wakati wa kushona tu. Wewe umempelekea mteja suti na bandi zake."

Saa nne, Fundi anachapisha mti mzima wa vifurushi, kurasa nne, na kuupitia kwa kalamu mstari kwa mstari. Ukurasa wa tatu anashika kichwa. Kifurushi cha kuchapa ripoti, alichokialika mwenyewe, kimemleta Mfano mgongoni. Aliyekitunga alisahau kumwekea mpaka wa majaribio, kwa hiyo Mfano akahesabiwa wa kazi.

Mbona basi miezi yote hiyo Mfano alitulia? Hapo Fundi anacheka mpaka machozi. Chombo kikikuta maneno mawili yanayopingana, hufuata la mwenye orodha. Neno lake, "majaribio tu", ndilo lililomfungia Mfano nje. Ijumaa iliyopita, akisafisha orodha, alilifuta jina la Mfano pamoja na neno hilo kwa kuwa majaribio yalikuwa yamekwisha.

"Nimemfukuza bawabu nikidhani ni mwizi," anasema.

Anaurudisha mstari huo mmoja: jina la Mfano, na kando yake "majaribio tu". Saa sita kasoro dakika kumi mfumo unawaka upya. Kipaza sauti kinakwaruza, kisha kinamwita mama mwenye mtoto wa kikohozi. Anasimama. Muuguzi mkuu anahesabu wanane walioitwa, wote wana miguu, ndipo anafunga kabati la vikadi.

"Yaani ili asije, lazima jina lake liwe kwenye orodha?"

"Ndiyo, dada."

"Kazi yenu ina wazimu."

Mwezi ujao mfumo utapelekwa wodi ya wazazi. Kabla ya hapo Fundi amepania kuwasoma wote mia moja sitini na watatu, kumi kila siku, ajue nani kaja na nani.

Jioni, mezani, mumewe anatikisa kichwa. "Mimi ukoo wangu mwenyewe niliishia mtu wa kumi na mbili."

"Ndiyo maana," anajibu Fundi, "usiowajua wanaingia mpaka chumbani."