Siku Niliyojihitimisha Mwenyewe

Acheni niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Mbalizi, maana wao wanaisimulia kwa kuongeza chumvi na aibu yangu haihitaji chumvi, inatosha ilivyo: mwaka juzi nilijifanyia sherehe ya kuhitimu masomo ambayo sikuwa nimeyamaliza, nikamfanya mwalimu wangu mwenyewe mgeni rasmi, nikamkabidhi maiki kwa mkono wangu huu ili anitangaze. Na akanitangaza.

Naitwa Gwamaka, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na minne kwenye mashine ile moja, na bosi wangu, Bwana Dinesh, ambaye baba yake ndiye aliyeianzisha, alikuwa anataka kuleta mashine mpya kubwa. Alisema wazi kwamba atakayeisimamia lazima awe na stashahada, kwa sababu (maneno yake haya) "mashine hii inataka mtu wa kuiuliza maswali, siyo wa kuiwasha tu." Mimi nikashika neno stashahada, mengine nikayaacha yapite.

Chuo kimoja cha Iringa kilikuwa na masomo ya kujifunzia kazini, yaani hukai darasani, unabaki kwenye kazi yako, unachojifunza pale unakiandikia ripoti na kukithibitisha, halafu unapewa pointi, na kila pointi moja inasimamia saa kumi za kujifunza. Siku niliyokwenda kujiandikisha nilimwambia mwalimu niliyepangiwa, Mwalimu Semwenda, mama wa Kihehe mwenye sauti ya chini, kwamba kwa miaka yangu kumi na minne ninazo pointi za kutosha hata udaktari.

Akacheka kidogo. "Bwana Gwamaka, hizo ni saa za kazi. Sisi tunahesabu saa za kujifunza. Mtu anaweza kukaa kazini miaka kumi, akajifunza mwaka mmoja, ile tisa akawa anaurudia huohuo."

Sikuipenda ile hesabu.

Kisha akanichorea kwenye karatasi. Stashahada yao ni pointi mia moja na ishirini, lakini pointi zina ngazi. Ngazi ya nne unaeleza unachokifanya. Ya tano unalinganisha njia mbili na kusema ipi inafaa na kwa nini. Ya sita unachukua tatizo la kazini kwako ambalo hakuna aliyewahi kukupa jibu lake, unalichunguza, unapima, halafu unasimama na jibu hata kama halikufurahishi. Katika zile mia na ishirini, zisizopungua arobaini lazima ziwe za ngazi ya sita. Alisema yote hayo, sitamsingizia, na kijitabu alinipa, nami nilikisoma mpaka kwenye jedwali la pointi nikaishia hapo, maana namba mia na ishirini niliielewa, nikajiona nimeelewa yote.

Basi nikaandika. Ripoti ya kuwasha na kuzima mashine, ripoti ya kusafisha machekeche, ya usalama, ya kupanga magunia stoo, na kila fomu ilipouliza ngazi nilitia alama kwenye ya nne, nikijisikia shujaa natia ya tano, kwa sababu ripoti zake ni fupi na mimi jioni nimechoka (tena kalamu na vidole vyangu havikuwahi kupatana). Mwalimu alikuwa ananiandikia kwenye simu, "Kumbuka ngazi ya sita." Mimi namjibu kwa kile kidole gumba.

Siku pointi zilipotimia, ikaja meseji yake: "Umefikisha 120, hongera. Jumamosi nitakuja kazini kwako tupange hatua ya mwisho."

Hapo ndipo ningeweza kuuliza. Maneno mawili tu, hatua gani, ingekuwa imekwisha. Nilishika simu, nikaanza kuandika, nikafuta, nikaona mtu mzima wa pointi mia na ishirini anaulizaje swali la mtoto wa darasa la kwanza, nikajijibu mwenyewe kwamba hatua ya mwisho ya masomo ni mahafali, na huyu mama kaamua kunifuata hukuhuku kunipongeza. Nikatuma kidole gumba.

Kesho yake Bwana Dinesh akaniuliza, "Gwamaka, umemaliza?"

"Nimemaliza, bosi."

Neno moja hilo. Yeye ni mtu mwenye moyo, akasema kijana wake hawezi kumaliza chuo kimyakimya, akaleta turubai na spika, mkewe akasema bhajia na pilau ni juu yake, mke wangu Atupele akawaambia akina mama wa kwaya, mama mkwe akapanda gari kutoka Tukuyu na mikungu ya ndizi, wakulima wanaotuletea mpunga wakaambiwa na wao wabaki Jumamosi wale. Kijana wa picha akatengeneza bango kubwa likaning'inizwa getini, mimi nimevalishwa joho kwa kompyuta, kofia imekaa upande kama inataka kuondoka. Kila nilipoliangalia nilisikia raha, nisidanganye.

Mwalimu Semwenda alikuwa amelala Mbeya mjini akafika saa nne asubuhi na mkoba wa makaratasi. Akasimama chini ya bango akalisoma lote.

"Bwana Gwamaka," akasema, "leo ni mahafali ya nani?"

"Yangu, Mwalimu!"

Akanitazama, kisha akawatazama akina mama wa kwaya waliokwisha kujipanga. "Njoo kwanza tuzungumze pembeni."

"Mwalimu, hapa hakuna pembeni, hawa wote ni watu wangu!" Nikamshika mkono nikampeleka kwenye kiti cha mbele chenye kitambaa. Alijaribu tena alipoitwa kuzungumza, akasema kwa sauti ya chini kwamba afadhali asiseme kitu leo, mimi nikadhani ni unyenyekevu wa watu wa Iringa, nikamtilia maiki mkononi na kumfunga vidole vyake juu yake.

Akasema, polepole, "Bwana Gwamaka amefanya kazi kubwa. Pointi mia na ishirini ni zake na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini siwezi kusimama hapa nikawadanganya. Bado hajahitimu. Nimekuja tupange kazi yake ya ngazi ya sita, ambayo hajaianza."

Nikasikia kuku wa jirani. Mama mkwe, ambaye Kiswahili kwake ni cha sokoni tu, akauliza kwa Kinyakyusa na kwa sauti kubwa mwalimu kasemaje, Atupele akamtafsiria, na ile habari kwa Kinyakyusa iliniuma mara mbili.

Mtu mwenye akili angekaa. Mimi nikachukua maiki. Nikasema jamani hili ni jambo la makaratasi tu, nina pointi nyingi za ngazi ya nne, zinaweza kubadilishwa (Mwalimu pale kwenye kiti anatikisa kichwa kwamba haziwezi), nikasema mashine ile hakuna nisichokijua ndani yake, na mwenye shaka aulize sasa hivi.

Akasimama Mama Neema. Huyu ni mkulima wa Madibira, Msangu, mama wa maneno machache, kila msimu analeta mpunga wake mpaka kwetu kwa sababu anapenda soko la huku.

"Mimi nauliza, fundi. Kwa nini mpunga wangu ukitoka kwenye mashine yako una chenga nyingi?"

Swali jepesi. Kila mwaka nalijibu. "Mama, nimeshakwambia, unauanika mno juani. Mpunga ukikauka kupita kiasi, punje zinakatika."

"Ulipima?"

"Mama?"

"Ukavu wake. Ulipima na nini?"

Bwana Dinesh akasema kutoka alipokaa, bila hasira, "Kipima unyevu si nilikuletea, Gwamaka? Kiko wapi?"

"Kiko stoo," nikasema, tena kwenye maiki. "Kwenye boksi lake."

Watu wakacheka, na walikuwa na haki. Nilicheka na mimi ili nisionekane ninavyoonekana. Lakini Mama Neema hakucheka. Alikaa chini akaweka mikono mapajani kama mtu aliyepata jibu la jambo alilolishuku siku nyingi, na ule uso ndio niliolala nao wiki nzima, siyo vicheko.

Chakula kililiwa chote. Bwana Dinesh akaniambia kwamba mashine mpya itasubiri msimu mmoja, baada ya hapo ataweka mtu yeyote atakayefaa, awe mimi au mwingine. Mwalimu Semwenda akabaki na mimi turubai lilipokuwa linakunjwa, akatoa fomu mkobani.

"Mwalimu, nisamehe," nikasema.

"Andika," akasema. "Swali umeshapewa, tena mbele ya mashahidi."

Pointi arobaini ni saa mia nne, na hazina njia ya mkato. Msimu ule mzima kila mzigo ulioingia niliupima unyevu kabla haujamwagwa, baada ya kukoboa nikachukua kipimo cha mchele nikatenganisha punje nzima na chenga, nikaandika, kisha nikalegeza rola za mpira zinazomenya maganda, nikapima tena, nikaandika tena. Mwanzoni nilikuwa natafuta ushahidi kwamba nilikuwa sahihi, nawaambia ukweli. Na mizigo mingine kweli ilikuwa imekauka kupita kiasi. Lakini mpunga wa Mama Neema ulikuja na unyevu mzuri, gunia kwa gunia, na ukikobolewa kwa namna yangu ya siku zote unakatika, nikilegeza rola unatoka mzima. Nilikuwa nazikaza mno. Nilizikaza kwa sababu fundi aliyenifundisha alizikaza, naye sijui alifundishwa na nani, na miaka kumi na minne sikuwahi kuuliza.

Nilikaa na karatasi zile siku tatu. Ningeweza kuandika habari za jua na maturubai ya kuanikia, ripoti ikajaa, hakuna ambaye angejua. Nikampigia Mwalimu, nikamzungukazunguka kwa maneno, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ukiliacha hilo," akasema, "utakuwa umeandika ngazi ya nne kwa kurasa nyingi."

Nikaliandika. Nikampelekea Bwana Dinesh kwanza, maana ni jina lake lililo getini. Aliisoma amesimama, akauliza, "Na baba yangu alikuwa anazikaza vilevile?" Nikasema ndivyo nilivyozikuta. Akatikisa kichwa, akasema wakulima waambiwe, na niwaambie mimi.

Stashahada niliipata. Tulikwenda Iringa mimi na Atupele tu, tukala chipsi karibu na stendi, tukarudi, na mashine mpya ndiyo ninayoisimamia mpaka leo. Hilo watu wa Mbalizi hawalisimulii, kwao hadithi inaishia kwenye boksi la stoo.

Lakini Mama Neema nilimwambia kabla ya yote hayo, siku aliyoshusha mzigo wa mwisho wa msimu. Nilimwita kivulini, nikamwonyesha makaratasi, nikamwambia mpunga wako haukuwa na kosa, kosa lilikuwa letu, na hasa langu.

Akayatazama makaratasi ingawa namba zangu ni mbaya kusoma. "Wewe fundi," akasema, "mimi nilimgombeza mwanangu kwa ajili ya kuanika. Miaka mingi. Mpaka akaacha kulima akaenda zake Makambako."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Nitamwambia," akasema. Akafunga kitenge chake, akaenda kusimamia magunia yake. Bado anatuletea mpunga, ila siku hizi anasimama pembeni ya mashine mpaka punje ya mwisho itoke, na mimi simzuii, namwekea kiti. Na tangu siku ile sijawahi kumwambia mkulima yeyote kwamba kosa ni la mpunga wake kabla sijapima, hata foleni iwe ndefu namna gani, hata niwe na hakika kiasi gani.