Picha Nane za Mama

Nilirudi kwetu Ibadakuli baada ya miaka tisa ya kuchimba dhahabu Afrika Kusini, kana kwamba ile ya Geita haing'ai. Nilikuja na mablanketi mawili, viatu vinavyobana na kamera ya kisanduku. Kamera ndiyo niliyoijali. Mwaka wa sita, huko kambini, nilijaribu kuikumbuka sura ya mama nikashindwa. Nilikumbuka sauti, mikono, hata kovu la mguuni, uso haukuja. Niliona haya, sikumwambia mtu. Sasa nilikuwa na siku nne tu kabla ya kupanda treni tena, nikaapa kwamba safari hii naondoka na uso wake.

Asubuhi mama alivaa kaniki mpya, akasimama mbele ya ghala la mtama. Kamera ile unaishika tumboni, kisha unainamisha kichwa utazame kioo kidogo kilicho juu yake. Nikainama. Kwetu mtoto huinama hivyo mbele ya mzazi akiwa na kosa la kukiri.

"Umefanya nini huko, ng'wanone, mwanangu?" mama akauliza.

"Sijafanya kitu, mayu. Simama tu, usitikisike."

Wapi! Aliinama naye ili anichungulie usoni. Nikabonyeza, nikajua nimepiga kitambaa chake cha kichwa. Nikazungusha filamu, nikainama tena, naye akachutama. Filamu ilikuwa ya picha nane, na saba zilikwenda hivyo hivyo, mimi nikipandwa na hasira, yeye akinizunguka kama mtu anayetafuta sindano.

Mwisho nikafoka: "Mayu, mimi nataka uso wako tu!"

"Na mimi je?" akasema taratibu. "Miaka tisa. Umekuja, unanionyesha utosi."

Hasira ikaniisha yote. Nikainua kichwa nikamtazama, naye akanitazama, tukakaa hivyo mpaka kuku wakatupitia miguuni. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotaka. Kidole kikabonyeza chenyewe, kioo sikukitazama.

Filamu ilisafishwa huko huko ugenini. Picha saba ni ukungu na kitambaa. Ya nane imepinda, nusu nzima ni ghala, na mama yuko pembeni, sikio moja limekatwa. Lakini uso upo. Haangalii kamera. Anatazama juu yake kidogo, pale uso wangu ulipokuwa.