Kiatu Nilichovua Mbele ya Ukoo

Nikipita kijijini kwetu Murangi siku hizi nainamisha uso, na mkinicheka sitawalaumu, maana aibu yenyewe nilijitafutia, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Kaka yangu alipofia ziwani, ukoo ulikaa kikao cha kumaliza matanga kuamua shemeji Nyanjura na wanawe watabaki na nani. Binamu yetu mmoja, mlevi, alikuwa ameshaanza kumwita "mke wangu" huko vilabuni. Mimi (mbeba dagaa wa mwaloni Mwigobero niliyeishia darasa la saba, ila kwa kuota ndoto mchana sina mpinzani) nilikuwaga napenda sana mahubiri ya Ruthu na Boazi, jinsi Boazi alivyomchukua mjane wa ukoo wake, kiatu kikavuliwa mbele ya wazee, mambo yakaisha. Nikajiona Boazi ndiye mimi. Si kwa tamaa jamani, nilitaka tu binamu asimguse shemeji, maana ndiye aliyenifuliaga sare za shule.

Basi baba mkubwa alipouliza nani ana neno, nikasimama, nikavua kiatu (cha marehemu, nilichopewa walipogawa nguo zake, kilikuwa kinanipwaya), nikakiinua juu nikasema namchukua mimi.

Mwinjilisti aliyekuja kuombea kikao akakohoa, akasema kwa upole kwamba kwenye ile habari anayevua kiatu ni yule anayekataa kumchukua mjane. Watu wakaangua kicheko, matanga yakawa kama kilabu. Binti mdogo wa kaka akaja akakikumbatia kile kiatu, na kicheko kikakatika.

Shemeji akainuka, akaniambia taratibu, "Shemeji, Ruthu alimwendea Boazi mwenyewe. Mimi nilikuja kwako lini?"

Kumbe alishazungumza na baba mkubwa abaki kwenye nyumba ya marehemu na wanawe bila kurithiwa na mtu, na mzee alishakubali, ilibaki kutangaza tu. Sasa kwa kuwa mimi nimeleta habari ya kurithi, binamu naye akadai yeye ndiye mkubwa kwangu na haki ni yake, wazee wakagawanyika, na shemeji hakusubiri wamalize. Kesho yake alipanda gari na wanawe kwenda kwao Bunda.

Nilimpigia kumwomba radhi. Alisema amenisamehe, ila nisiende kwao. Nyumba ya kaka imefungwa, nyasi zimefika dirishani. Siku hizi nikimwonea mtu huruma namuuliza kwanza anataka nini, tena nikiwa nimekaa.